Kinga Haikupungua, Imegeuzwa Kazi

Hotuba kuhusu endometriosisi, ugonjwa unaoleta maumivu makali ya hedhi, niliyoitoa mjini Lamu mbele ya akina mama, mabinti na waume walioitikia mwaliko. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu wa dini nyingine, hamjambo nyote.

Mama zangu wa Mkomani na Langoni, dada zangu mliokuja kutoka Shela na Matondoni, na nyinyi mliopanda boti asubuhi na mapema kutoka Faza na Pate ili muwahi, ahsanteni sana. Waume mlioketi kule nyuma, nawaomba msogee mbele. Haya yanawahusu. Binti ni wenu, mke ni wenu, na mara nyingi nauli ya kwenda hospitali iko mfukoni mwenu.

Naomba nianze kwa kuuliza. Ni nani hapa hajawahi kumwona msichana amejikunja kitandani siku ya kwanza ya hedhi, ana chupa ya maji ya moto tumboni, anatapika mpaka nyongo, na wakubwa wa nyumba wanasema, "Ni chango hilo, litapita"? Ni nani hajawahi kumwona? Sioni mkono.

Kwa wengi hupita kweli. Maumivu ya hedhi ya siku moja au mbili, yanayotulia kwa kidonge na maji ya moto, wanawake wengi wanayajua. Lakini kuna yasiyopita. Kuna yanayozidi mwaka hadi mwaka. Kuna yanayomzuia mtoto kukaa darasani, yanayomfanya mke aogope chumba chake mwenyewe, yanayokuja wakati wa haja kubwa na kumtoa mtu machozi. Hayo ndiyo niliyoyajia leo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa endometriosisi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando ambao kila mwezi hukua na kunenepa, na mimba isipotungwa hubomoka ukatoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando ule huota nje ya mfuko: juu ya ovari, yaani vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye ngozi laini inayotanda ndani ya tumbo, na kwa wengine kwenye utumbo au kibofu. Na huko iliko hufuata homoni zile zile za mwezi. Huvimba, huvuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaougua ni kama asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, takriban watu milioni 190 duniani. Tazameni safu mliyokaa, mkahesabu hadi kumi.

Nyama hiyo imefikaje huko? Mwaka 1927 daktari mmoja Mmarekani, John Sampson, alieleza kwamba wakati wa hedhi si damu yote inayoshuka. Nyingine hupanda, ikapita kwenye mirija ya uzazi na kumwagika tumboni, nayo imebeba vipande vya utando vilivyo hai. Maelezo hayo hayatoshi kwa kila mgonjwa, maana ugonjwa huu umeonekana hata kifuani, lakini hadi leo ndiyo yanayoegemewa zaidi. Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walipima maji ya tumboni ya wanawake waliokuwa mwezini. Katika wale ambao mirija yao ilikuwa wazi, asilimia 90 walikutwa na damu ndani ya tumbo. Tisini katika mia, mama zangu! Wazima na wagonjwa!

Basi kama karibu sote damu inapanda, mbona hatuugui sote?

Urithi umo, kwani ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mwenye mama au dada anayeugua yuko karibu nao zaidi. Homoni zimo. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kinga ya mwili, kwenye zile seli nyeupe ambazo kazi yake ni kulinda na kusafisha. Na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Seli ya kwanza kuijua inaitwa makrofaji. Ni seli kubwa, yenye kula. Bakteria akiingia, makrofaji humla. Seli ya mwili ikifa, makrofaji huila mabaki yake. Tumboni mwa kila mwanamke zimo, na damu ikimwagika kutoka kwenye mirija huitwa zije zisafishe. Kwa mwanamke asiye na ugonjwa huu kazi huisha, tumbo likatulia mpaka mwezi ujao. Kwa mwenye endometriosisi, makrofaji huja kwa wingi kuliko kawaida, tena huja zikiwa zimechangamka, lakini vile vipande haviondoki. Fikirini nyumba ya jirani imeporomoka, mmeita vibarua waje wazoe kifusi. Mnarudi magharibi mnakuta vibarua wale wale wamepanga mawe upya, wamepiga chokaa, wamechimba na kisima, wanamjengea mvamizi aliyeingia kiwanjani. Ndivyo makrofaji zinavyofanya. Hutoa kemikali zinazoita mishipa mipya ya damu, na kipande kilichokuwa kife kwa kukosa chakula kikalishwa. Watafiti walipoziondoa makrofaji kwenye panya waliopandikizwa ugonjwa huu, vidonda, yaani vile vipande vilivyoota, vilidumaa. Seli ya kusafisha imekuwa mlezi.

Yuko mwalimu mmoja, simtaji jina wala kisiwa, ambaye kwa miaka mingi alitibiwa kila kitu. Alikandwa tumbo, alipigwa chuku, alikunywa habasoda, alikunywa kombe, alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akapewa na antibaiotiki za maambukizi ya nyonga zaidi ya mara moja. Mwishowe alipasuliwa kwa tundu dogo, upasuaji wa laparoskopi, nyama ikapelekwa maabara. Alikuja kwangu na karatasi ya majibu imekunjwa mara nne ndani ya pochi, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. "Daktari, mengine nimeelewa. Hizi makrofaji zenye chuma ni nini? Nina chuma tumboni?"

Nikamwambia, ndiyo, unacho. Nilimweleza ninavyowaeleza nyinyi sasa. Damu ina madini ya chuma. Ndiyo yanayoipa wekundu wake. Damu inapovuja mwezi baada ya mwezi mahali isipotoka, makrofaji huila, huila, huila tena, mpaka chuma kikajaa ndani yao. Ukiziweka chini ya hadubini unaziona zimenenepa, zimejaa chembechembe za rangi ya kahawia iliyokolea. Kuna rangi ya maabara ukiimwaga juu ya nyama hiyo, kila penye chuma panageuka buluu ya kung'aa. Mimi nimeona vipande ambavyo buluu ilitapakaa kila upande. Na chuma kikizidi hakikai kimya. Huchoma tishu za jirani, huongeza uvimbe, makovu yakaanza, na viungo vikagandana: ovari ikashikana na utumbo, kizazi kikavutwa nyuma.

Mwalimu yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wakati wote ule nilipoambiwa naigiza, hivi vilikuwa mle ndani." Ndiyo. Vilikuwa mle ndani. Damu ya miaka yake yote ya mateso ilikuwa imewekwa kumbukumbu na seli zake mwenyewe.

Seli ya pili nitaipitia haraka. Iko aina ya seli nyeupe iliyopewa jina la seli asilia za kuua, wataalamu huziita NK. Hizi hutambua seli iliyo mahali isipostahili na kuiangamiza. Mwaka 1991 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kwa wanawake wenye endometriosisi, makali ya seli hizi dhidi ya utando wa kizazi yamepungua. Zimo, lakini hazipigi inavyopasa. Maji yenyewe ya tumboni yamejaa kemikali zinazozilegeza, na baadhi ya kemikali hizo hutoka kwa nani? Kwa makrofaji zile zile. Yule yule anayemjengea mvamizi ndiye anayemlaza mlinzi.

Sasa maumivu. Hapa naomba waume mnisikilize kwa masikio yote mawili.

Bwana mmoja aliwahi kuniuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa, "Daktari, wamempiga picha mke wangu, wamesema ni madoa madogo tu. Mbona analia hivi?" Ni swali la haki. Ukubwa wa vidonda haulingani na ukubwa wa maumivu. Yuko mwanamke ambaye ugonjwa umemjaa nyonga na haumii, anagundua siku anapotafuta mtoto. Na yuko mwenye madoa machache ambaye hawezi kusimama jikoni. Imekuwaje?

Sababu mojawapo ni neva. Vidonda vya endometriosisi huota neva, na seli za kinga ndizo zinazozichochea. Mwaka 2019 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walionyesha kwamba makrofaji za ndani ya vidonda hutoa kemikali inayokuza neva na kuzifanya ziwe nyepesi kuhisi. Walipoizuia kwenye panya, dalili za maumivu zilipungua. Ongezeni hapo seli nyingine, zinaitwa masti, ndizo hizo zinazotuwasha na kututoa chafya tukiwa na mzio. Hizi zimekutwa zimekaa jirani kabisa na neva kwenye vidonda vilivyozama. Neva imechomwa na kemikali mwezi huu, ikachomwa mwezi ujao, miaka kumi. Baadaye hata uti wa mgongo na ubongo hujifunza maumivu hayo, ukaanza kuumwa hata siku ambazo huna hedhi. Kwa hiyo bwana, doa ni dogo, lakini nyuzi zinazotoka kwenye doa lile si ndogo. Mkeo haigizi. Nasema tena, kwa sababu najua nyumba ambazo neno hili limevunja ndoa: haigizi.

Na mduara wenyewe unajizungusha. Uvimbe hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hubana kizazi na kuleta maumivu. Prostaglandini hizo huamsha kimeng'enya ndani ya kidonda kinachotengeneza estrojeni, homoni ya kike, pale pale. Estrojeni hukikuza kidonda. Kidonda kikikua huita seli za kinga zaidi. Seli huleta uvimbe zaidi. Mnaona ulivyo? Ndiyo maana dawa zinazotumika sana leo hushika mduara huu mahali pawili: dawa kama ibuprofeni huzuia prostaglandini, na dawa za homoni, zikiwemo vidonge vile vile vya kupanga uzazi, huituliza estrojeni na kupunguza au kusimamisha hedhi. Mama akisikia binti wa miaka 16 amepewa vidonge vya uzazi, moyo humruka, nafahamu. Tafadhali msimwonee. Amepewa dawa ya ugonjwa, na vidonge hivyo haviharibu kizazi chake. Ugonjwa usiotibiwa ndio unaoweza kukiharibu.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Chupa zinatembezwa mtaani, na matangazo yanazunguka kwenye simu zetu usiku na mchana: "Dawa ya kuongeza kinga, inamaliza chango na uvimbe wa kizazi." Ndugu zangu, nimewaeleza kwa urefu makusudi ili mfike hapa pamoja nami. Kinga ya huyu mgonjwa haikupungua. Makrofaji anazo, tena anazo nyingi kupita kiasi. Kinga imegeuzwa kazi. Ukiongeza kilichogeuzwa, umeongeza nini?

Je, tuipunguze? Hapo nina kisa, na kisa chenyewe kimetokea hapa hapa Kenya. Hedhi si ya kila mnyama, lakini nyani anaipata, na nyani huugua endometriosisi mwenyewe bila kupandikizwa. Kwa sababu hiyo Nairobi, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, pamefanyika baadhi ya kazi muhimu zaidi duniani juu ya ugonjwa huu, wakiwamo watafiti kutoka Ubelgiji waliofanya kazi na Wakenya. Ni wangapi tuliojua? Nyani wa nchi yetu wamewafundisha madaktari wa dunia, na mabinti wetu hawajalijua hata jina la ugonjwa!

Katika miaka ya 1990 walijaribu kuwapa nyani dawa kali za kushusha kinga yote. Kwa nyani waliokuwa na ugonjwa tayari, ulizidi kuenea. Kwa hiyo kinga ile, pamoja na kugeuzwa, kuna upande wake ulio bado unatulinda. Baadaye wakachagua kemikali moja tu ya uvimbe, inaitwa TNF, wakaizuia. Kwa nyani matokeo yalikuwa mazuri, vidonda vikapungua. Watu wakafurahi. Kisha mwaka 2008, Ubelgiji, wakaijaribu dawa ya kuzuia TNF kwa wanawake 21 wenye vidonda vilivyozama na maumivu makali. Haikuwasaidia. Maumivu yalibaki sawa na ya waliopewa dawa bandia.

Nawapa kisa hiki kizima, pamoja na mwisho wake mchungu, kwa sababu mtu atawajia na chupa akidai amemaliza kile ambacho maabara kubwa hazijamaliza. Mwambieni kwamba bibi yule wa Lamu alishatusimulia habari za nyani.

Utafiti haukusimama. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walionyesha kwa panya kwamba makrofaji si za aina moja: zile zinazotoka na utando wa kizazi hukuza vidonda, na baadhi ya zile zinazotoka kwenye damu na kukaa tumboni huvizuia. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa, kwa sababu inaelekeza kwenye dawa zitakazochagua, zimtulize aliyegeuka na zimwache anayelinda. Mwaka 2023 watafiti wa Nagoya, Japani, nao walikuta bakteria waitwao Fusobacterium kwenye kizazi cha asilimia 64 ya wagonjwa waliowapima, na chini ya asilimia 10 ya wasiougua. Bakteria hao huonekana kuzisukuma makrofaji kwenye kazi ile mbaya. Lakini naomba mtu asitoke hapa akaenda duka la dawa kununua antibaiotiki. Waliosaidiwa na antibaiotiki katika utafiti ule ni panya.

Jambo jingine, na hili ni la heshima yetu. Kwa miongo mingi vitabu vya udaktari viliandika kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi zao. Mwanamke mweusi akilalamika nyonga, jibu lilikuwa tayari: ana maambukizi, ana mambo yake. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha alichokiona kwa macho yake. Aliwachungulia tumboni kwa kamera wanawake weusi waliokuwa wameambiwa wana maambukizi ya nyonga, na zaidi ya asilimia 20 walikuwa na endometriosisi. Miaka imepita mingi tangu hapo, na bado mwanamke wa pwani huandikiwa dawa ya maambukizi mara tatu, mara nne, kabla mtu hajauliza maumivu hayo huja lini katika mwezi. Mnamkumbuka mtangazaji wetu Njambi Koikai, Jahmby? Ugonjwa huu ulimfika mpaka kifuani, mapafu yakawa yanamporomoka. Alisema hadharani wakati wengi walikuwa wakificha, na aliendelea kusema mpaka alipofariki Juni 2024. Wasichana wengi wa Kenya walilisikia neno endometriosisi mara ya kwanza kinywani mwake.

Sasa tufanye nini sisi wa hapa?

Makungwi na masomo wetu, nyinyi ndio wa kwanza kuzungumza na mwari kuhusu damu. Nawaomba muongeze swali moja katika mafunzo yenu: maumivu yanakuzuia kufanya nini? Akisema yanamzuia shule, kula, kulala, asiambiwe avumilie. Msimwambie akiolewa atapona, wala akizaa atapona. Wapo wanaopata nafuu wakiwa na mimba, kisha yakarudi. Mtoto si dawa. Na msimwambie kuwa ni tasa. Wengi wenye ugonjwa huu huzaa, wengine kwa msaada.

Wewe unayeumwa, chukua daftari. Andika siku hedhi ilipoanza, siku maumivu yalipoanza, yako wapi, kama yanakuja ukienda haja, kama yanakuja kwenye tendo la ndoa, dawa uliyokunywa na kama ilisaidia. Miezi mitatu inatosha. Mpelekee daktari ukurasa huo, useme wazi, "Nataka nichunguzwe endometriosisi." Picha ya ultrasaundi huonyesha mafuko ya ovari yenye damu ya zamani, lakini picha ikiwa safi haimaanishi huna ugonjwa, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo tu. Si lazima usubiri upasuaji ndipo uanze dawa. Miongozo ya sasa inaruhusu kutibu kwa kufuata dalili. Anza mapema. Kila mwezi unaopita, seli zile zinaendelea na kazi ziliyogeuziwa.

Chuku na habasoda sizikatazi kwa anayeona zinamtuliza. Ninachokataza ni kuziacha zichukue mahali pa uchunguzi.

Nimemaliza yangu, sasa ni zamu yenu. Wasiopenda kuuliza mbele ya watu, pale mlangoni kuna karatasi na kalamu. Andika bila jina, nitazijibu zote kabla sijaondoka. Mama mwenye mtandio wa kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja vidonge. Haya mama, anza wewe.